Tulivyopima saratani ya mlango wa kizazi maboma ya Longido

Mimi ni muuguzi, na kazi iliyonikaa moyoni kuliko zote ni kuwapima akina mama wa Kimaasai saratani ya mlango wa kizazi. Wengi wanaishi mbali na zahanati, na kiangazi kikishika familia zinahama na mifugo. Mama wa namna hiyo ukimwambia arudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu, humwoni tena.

Ndiyo maana tulishikilia kupima kwa siki na kutibu papo hapo. Unalowesha pamba kwa siki ya kupimia, unapaka mlango wa kizazi, unasubiri kama dakika moja. Penye mabadiliko panageuka peupe, unapaona kwa macho. Pakiwa panatibika, unapachoma kwa kifaa cha joto kinachotumia betri, na mama anaondoka akiwa ametibiwa. Hapo bado si saratani; ni mabadiliko yaletwayo na kirusi cha HPV, na huchukua miaka kufikia saratani.

Kazi ngumu ilikuwa nje ya hema tulilopimia. Aliyechomwa anatakiwa akae wiki nne bila kukutana na mume, na mke peke yake hawezi kulisimamia hilo. Basi nikaanza na laigwanani, kiongozi wa mila wa Kimaasai. Tulikaa na wazee chini ya mgunga, nikaeleza kidonda kinavyopona. Kimya. Kisha mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, hiyo dawa haitamfunga kizazi?" Nikamwambia, "Hapana baba, haimfungi. Inamkinga na ugonjwa." Kumbe wote walikuwa na hofu hiyohiyo! Maswali yakafunguka, hadi ya chanjo ya HPV ambayo wasichana wanapewa nchini Tanzania tangu 2018.

Ndani ya hema tuliingia wanawake peke yetu. Mkunga wa jadi anayeaminika alipimwa wa kwanza, kisha akaketi mlangoni akiwaeleza wenzake kwa Kimaa alichofanyiwa. Maneno yake yaliwavuta kuliko yangu yote.

Kinachoniuma ni wale tunaowakuta wameshaanza kutoka damu isiyo ya kawaida. Hao tunawapa rufaa ya kwenda hospitali kubwa ya KCMC, Moshi, na safari hiyo ni gharama. Siku hizi, kabla hema halijasimama, tunakubaliana na wazee nani atamsindikiza mama atakayepewa rufaa, na nauli itatoka wapi.