"Sisi mngetupeleka wapi?"

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimewapa mgongo wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, hapa Nakuru, nikichora ubaoni uwanda wa Uasin Gishu: reli ya kwenda Kisumu kwa chini, Cherangani kwa juu, mteremko wa Elgeyo upande wa mashariki. Nilikuwa nawaeleza kwamba mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi uwanda huo. Kijana mmoja anayetoka upande wa Turbo akainua mkono.

"Mwalimu, sasa kama wangekubali kuja, sisi mngetupeleka wapi?"

Alisema "mngetupeleka", kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na ofisi London. Yeye ni Mnandi. Mimi ni Mkikuyu niliyezaliwa Burnt Forest, kwenye uwanda huo huo, katika ekari sita alizonunua guka, babu yangu, miaka ya sitini. Kengele ikalia kabla sijamjibu, nami nikashukuru kwamba imelia, na shukrani hiyo imenisumbua tangu siku ile.

Acha nianzie Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi. Aprili 1903, wakati wa Pasaka, Wakristo waliwavamia majirani zao Wayahudi kwa siku mbili. Watu 49 waliuawa, mamia wakajeruhiwa, nyumba zikavunjwa, maduka yakaporwa. Waliovunja milango walikuwa wanawajua kwa majina wenye nyumba. Nikisoma habari hizo nasikia harufu ya moshi, maana nami nimeona jirani akija na petroli.

Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna aliyewaongoza Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka watu wao wawe na nchi yao, alikuwa tayari amebisha hodi kwa sultani wa Uturuki na kwa wafalme akiwaombea watu wake nchi. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa amepita huku kwa treni mwisho wa 1902, na baadaye akamwambia Herzl kwamba alipoziona nyanda hizi alimkumbuka yeye. Agosti 1903 barua ya serikali ikatoka: eneo kubwa la ardhi, lenye utawala wao wa ndani. Watu waliuita mpango wa Uganda kwa sababu eneo hili lilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda hadi 1902. Wakili aliyeandaa rasimu ya mkataba aliitwa David Lloyd George. Waziri mkuu alikuwa Arthur Balfour. Yashike majina hayo mawili.

Huko Basel, Uswisi, kongamano la Wazayuni lilipiga kura kuhusu jambo dogo tu, kutuma watu wakaione nchi yenyewe: 295 wakakubali, 178 wakakataa. Wajumbe wa Urusi wakatoka ukumbini, wengine wakaketi sakafuni wakilia kama watu walio matangani. Na waliotoka Kishinev kwenyewe walikuwa upande wa waliokataa. Hapo ndipo mimi hufunga kitabu kidogo. Mtu amezika watu wake majuzi, unampa mahali pa usalama, anakwambia hapana, kwetu ni kule Palestina.

Mama yangu ni mtu wa namna hiyo. Januari 2008, tulipokimbia ghasia za baada ya uchaguzi, alirudi nyuma akafunga mlango kwa kufuli kana kwamba anakwenda sokoni. Nyumba ikaungua, mlango na kila kitu. Baada ya miezi ya hema hapa Nakuru, mjomba alimtafutia ploti Nyandarua. Alikwenda, akachota udongo, akausugua viganjani, akasema ni mzuri sana lakini si kwake. Ufunguo ungali kwenye mkebe wa Blue Band, katikati ya vifungo na sindano, umefungwa uzi wa sweta yangu ya shule ya msingi. Umeshika kutu kwenye meno. Nikimwambia autupe, ananiuliza kama una uzito gani hata unisumbue.

Wapalestina 700,000 hivi walikimbia au kufukuzwa mwaka 1948, na wengi walifunga milango vivyo hivyo wakidhani ni siku chache. Funguo zile zimefika kwa wajukuu, kwenye kambi za Lebanon, Jordan na Gaza. Nilipoziona pichani kwa mara ya kwanza, sikuhitaji mtu anieleze.

Turudi uwandani. Mwanzoni mwa 1905 wakaguzi watatu walifika: Gibbons, mwanajeshi Mwingereza; Kaiser, Mswisi; na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Wilbusch aliandika kwamba hapafai. Herzl alikuwa amefariki Julai 1904 akiwa na miaka 44, na kongamano la 1905 likaufunga mjadala.

Kwa London nchi hii ilikuwa tupu. Ni kweli kwamba Wamaasai walioipa Uasin Gishu jina lake walikuwa wamevunjwa na vita vya karne ya 19. Lakini Wanandi walilisha huko. Nyasi zikiwa ndefu, mfugaji anajua malisho yamepumzishwa. Aliye ndani ya treni anaona pori lisilo na mwenyewe.

Na mwaka ule ule wa 1905, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi aliyewapinga Waingereza miaka na miaka, aliitwa kwenye mkutano wa amani na kuuawa kwa risasi. Aliyempiga ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza. Ukimfuata mtu huyo maishani mwake, mwaka 1919 unamkuta Palestina, ofisa mkuu wa siasa wa jeshi la Uingereza na mtetezi mkubwa wa Wazayuni. Uasin Gishu nako, mwaka 1908, Makaburu kutoka Afrika Kusini walifunga magari yao ya ng'ombe hapa Nakuru wakapanda kwenda kuichukua. Balfour ndiye aliyetia saini tamko la 2 Novemba 1917 la kuwaahidi Wayahudi makao Palestina, na safari hiyo waziri mkuu alikuwa Lloyd George. Wakuu wale wale, mara ya pili, wakiandika barua juu ya nchi yenye watu. Tamko lile halitaji Waarabu kwa jina. Linawaita jamii zisizo za Kiyahudi zilizopo Palestina, ilhali ndio waliokuwa wengi mno.

Katika chumba chetu cha walimu jambo hili limegawa meza. Mwenzangu mmoja anaombea Israeli kila asubuhi, na Oktoba 2023, watu 1,200 hivi walipouawa kule, alilia mbele yetu. Mwingine, wa kutoka Bondeni, mtaa wa hapa mjini, hawezi kutazama habari za Gaza akamaliza chai yake. Nimekaa na wote wawili. Simlaumu Myahudi wa Kishinev kwa kutafuta mahali pa kulala bila hofu, na wala sikubali mtu aniambie kwamba aliyekuwa akichuma zeituni pale hakuwapo. Nimeambiwa mimi mwenyewe kwamba sikuwa na kwetu Burnt Forest, na aliyeniambia alikuwa na babu aliyeondolewa pale pale na mzungu. Alikuwa anasema kweli kuhusu babu yake. Guka naye alilipa kila senti.

Jumatatu nilimwita yule kijana mbele ya darasa, nikamwomba radhi kwa kutomjibu. Nikamwambia kwamba katika niliyoyasoma sijamwona aliyeuliza swali lake mwaka ule, si London, si Basel. Nikampa kazi: amuulize kogo wake, yaani nyanya yake, wazee wao walilisha wapi kabla ya Makaburu. Siku tatu baadaye alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kogo alikuwa amemtajia mito miwili, kilima kimoja, na mahali ambapo ng'ombe walipelekwa kulamba chumvi, siku ngapi kutoka Nandi, na nani alitembea mbele.

Ramani yangu ilikuwa bado ubaoni. Nikampa chaki, akaenda kuandika majina.