Siku moja na mashua ya tanga, Goma

Saa kumi na mbili asubuhi. Niko Himbi, mtaa wa Goma ulio kando ya Ziwa Kivu. Upepo bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na usiku mvua imenyesha sana. Kazi ya kwanza ni kutoa maji ndani ya mashua kwa kopo, hadi tone la mwisho. Wengi hudhani maji yasiyo na chumvi hayadhuru mbao. Sivyo. Chumvi huzuia ukungu unaoozesha mti. Mvua iliyotuama huulisha. Nachukua kisu chenye ncha, nadunga pale mlingoti unaposimamia, kisha pembe za tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua. Kisu kikizama bila kulazimishwa, ubao huo umekwisha, na rangi mpya itauficha tu. Leo mbao zote ni ngumu.

Saa mbili. Tanga na kamba. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku juu hula nyuzi za poliesta kwa ukali kuliko la pwani. Nakwaruza kila mshono kwa ukucha; uzi ukikatika, tanga linakwenda kwa mshonaji siku hiyohiyo. Kamba ya kupandishia tanga, ile watu wa pwani huiita henza, huchakaa mahali palepale inapopinda kwenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba. Naigeuza, mkia uwe kichwa, nayo itanihudumia muda mwingine.

Saa nne. Mlingoti, na hapa sipendi haraka. Kijana ninayemfundisha anaukadiria kwa macho, anasema uko sawa. Nafunga mita kwenye ncha ya henza, naipandisha hadi juu, napima hadi ukingo wa kulia, halafu wa kushoto, sehemu zinazolingana. Tofauti ni sentimita tatu! Mlingoti ulioinama upande huifanya mashua iende vizuri upepo ukitoka kulia na vibaya ukitoka kushoto, na nahodha hulaumu upepo. Tunakaza waya unaoushikilia upande mmoja, tunalegeza mwingine, tunapima tena. Mara nne.

Saa sita. Bugali na sambaza. Samaki hawa waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wetu wanaishi kwa kuwavua. Mvuvi mmoja, muzee, anakula nasi.

“Papa, ziwa leo liko namna gani?”

Anatazama upande wa kisiwa cha Idjwi. “Mupepo itakuja na nguvu, mutoto yangu. Musikawiye kurudi.”

Saa nane. Upepo umegeuka, sasa unatoka ziwani. Kila mtu anavaa jaketi la kuokolea, hata anayeogelea vizuri. Mnamo Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Asiyevaa hapandi kwangu.

Mashua tatu, mashindano ya kirafiki. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 13, kwa hiyo upepo wa kasi ileile husukuma kwa nguvu pungufu. Kwa kuwa bado ni wa wastani, naliacha tanga lifanye tumbo. Kabla ya kuanza nasimamisha mashua katikati ya mstari wa kuanzia, omo, yaani sehemu ya mbele, ikitazama upepo, tanga likipepea. Ncha ya mstari ambayo omo inaielekea zaidi ndiyo iliyo karibu na upepo. Tunaanzia hapo.

Katikati ya mbio tunakutana na mwenzetu. Sisi tunapigwa na upepo kutoka kushoto, yeye kutoka kulia: njia ni yake. Kijana anataka tugeuke. Namwambia alegeze demani, kamba ya kuongozea tanga, kidogo tu, tunapita nyuma ya tezi yake, kisha tunakaza tena na kuendelea upande wetu. Kugeuka kungetupotezea zaidi. Tunamaliza wa pili.

Saa kumi na moja. Tanga linakauka kivulini, kisha naliviringisha kama mkeka. Tunailaza mashua juu ya matairi, kizibo cha chini kikiwa wazi ili mvua ya usiku itoke yenyewe. Mitumbwi ya sambaza inaondoka kwenda ziwani, wavuvi wakiimba. Nainama chini ya mkuku, uti wa chini wa mashua, kwa tochi: jiwe la volkeno limekwaruza ubao, urefu wa kidole. Kijana analeta chaki, tunazungushia alama, tutengeneze Jumatatu.