Mbavu za Pili

Leo nimefunga skrubu ya mwisho. Risiva yangu (redio na kikuza sauti katika sanduku moja), Marantz 2270 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, sasa ina mbavu za mbao, ubao mmoja kila ubavuni. Enzi zake sanduku la mbao liliuzwa kando. Hii ilinifikia na bati lake tupu, limekwaruzwa kama sufuria ya shughuli.

Hizi ni mbavu za pili. Za kwanza zilipasuka.

Nilikuwa nimezikata vizuri tu, mkangazi, nikazipiga msasa mpaka zikateleza, nikazibana kwenye chuma kwa skrubu nne nne. Nilikaza kwelikweli, nikiamini kukaza ndiyo kazi safi. Wiki ya tatu, usiku, muziki ukiwa chini, nikasikia “ta!” Nikadhani transista imeniaga. Nikazima, nikachomoa waya, nikaleta tochi. Ubavu wa kushoto ulikuwa na ufa ulionyooka kutoka tundu la skrubu la mbele hadi la nyuma, mwembamba wa kuingia ukucha.

Kosa lilikuwa langu. Ubao ulikuwa bado na unyevu, nami nikaupandisha kwenye mtambo wa wati 70 kwa kila upande wa sauti, ambao ukiwaka muda mrefu huwa jiko dogo. Ubao ukikauka husinyaa kwa upana, kukingama na nyuzi za mbao. Kwa urefu husinyaa kidogo mno. Sentimita 14 zikipungua milimita moja tu, na chuma hakisogei, lazima kimoja kiachie.

Safari hii ubao umekaa chumba kilekile na risiva miezi miwili kabla sijaugusa. Kisha nikaupasua kwa unene, nikaufunua kama kitabu, ili mchoro wa kulia uwe kioo cha kushoto. Kupasua huko kulinitoa jasho, msumeno ukitaka kwenda kwake nami kwangu. Matundu ya chini nimeyaacha ya duara. Ya juu nimeyarefusha kwa tupa, kwenda juu na chini, nikaweka washa, kile kipete bapa cha chuma, chini ya kila kichwa cha skrubu na kukaza kwa vidole viwili tu. Ukisinyaa, uteleze. Matundu ya hewa ya juu sikuyagusa. Uzuri wa kuziba hewa siutaki.

Nilimalizia kwa mafuta ya kitani, mikono mitatu. (Matambara yake nilianika wazi nje, moja moja. Yakikunjwa pamoja hujipasha moto yenyewe hadi kuwaka.)

Nimeiwasha. Ile buluu ya dirisha la stesheni imeangukia ukingo wa mbao, na chumba kinanuka mafuta na vumbi la moto. Ubavu wa kulia una kovu pale randa ilipokwama, refu kama punje ya mchele. Nimeusogezea ukutani.