Siku ya fainali ya Bilbao, mezani kwangu Memorial

Jumatano, tarehe 21 Mei 2025. Mimi nauza jezi za mtumba soko la Memorial, hapa Moshi. Nimeiandika siku nzima kwa sababu bado inaniunguza.

Saa 11 alfajiri

Mvua imenyesha usiku kucha na jezi nilizofua jana bado zina ubichi, kwa hiyo siku inaanza na pasi. Jezi haipigwi pasi kama shati la shule. Jina na namba za mgongoni zikiguswa na pasi ya mkaa zinayeyuka, zinanata, na hapo jezi ya elfu ishirini haina mnunuzi tena. Naigeuza nje ndani, natandika kipande cha khanga juu yake, napitisha pasi haraka bila kukandamiza, halafu nainyanyua kuangalia kama namba imejikunja. Ya Rooney namba 10 imetoka salama. Nimeshukuru.

Usiku wa leo, kule Bilbao, Hispania, Manchester United wanacheza na Tottenham fainali ya Europa, kombe la pili kwa ukubwa la klabu za Ulaya. Timu ya 16 na timu ya 17 kwenye ligi ya Uingereza. Mimi ni wa Man U tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kuisubiri fainali nikiwa na hasira namna hii.

Saa 1 asubuhi

Kwenye hiace ya kutoka Pasua gumzo ni Simba tu. Jumamosi wamefungwa 2-0 na Berkane kule Moroko, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Jumapili wanarudiana Zanzibar. Kwangu hiyo ni biashara: wiki hii jezi nyekundu ya Simba inatoka kuliko nyingine yoyote.

Saa 2

Memorial ndiko Moshi inakovalia. Nafunga turubai, napanga meza. Jezi za Man U nazipanga kwa umri, na ukisimama mbele yake unaiona habari yote ya wamiliki wa klabu, familia ya Glazer ya Marekani.

Kila moja naiita kwa jina la mdhamini wa kifuani. Mwanzo kuna Vodafone, iliyoisha 2006. Familia ya Glazer iliichukua klabu Mei 2005 kwa thamani ya karibu pauni milioni 790. Fedha nyingi kati ya hizo zilikuwa za kukopa, na sehemu kubwa ya mkopo ikabebeshwa klabu yenyewe, klabu ambayo haikuwa na deni. Inafuata AIG, jezi waliyobebea ubingwa wa Ulaya pale Moscow 2008. Hiyo naitajia bei ninayotaka na inanunuliwa. Halafu Aon, ya ubingwa wa ligi wa 2013, ule wa 20, kocha Ferguson akastaafu. Halafu Chevrolet, kuanzia 2014 mpaka 2021.

Jezi ya Chevrolet haijawahi kuvaliwa na bingwa wa ligi. TeamViewer nayo hivyo hivyo. Snapdragon ya sasa, hivyo hivyo.

Kila jina pale kifuani ni mamilioni ya pauni. Kampuni hizo hazikulipa ili watu wa Manchester peke yao waone matangazo. Zililipa kwa ajili ya macho ya watu wa Moshi, wa Lagos, wa Jakarta. Sisi ndio bidhaa iliyouzwa, na kilichopatikana kimekwenda kulipa riba ya mkopo ambao klabu haikuuomba. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Kufungwa nakuvumilia, mpira ndivyo ulivyo.

Saa 4

Kijana wa Simba amekuja kuchukua jezi, tukaingia kwenye ubishi. "Kaka, nyie mlinunuliwa kama gunia la mahindi. Huku kwetu mwekezaji hazidi asilimia 49, 51 zinabaki kwa wanachama. Mimi nina kadi, mkutano mkuu nasimama nauliza. Wewe utamuuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Najua wanachama wa hapa nao wana malalamiko yao, na kadi peke yake haileti kombe. Ila haki ya kusimama na kuuliza ni kitu kikubwa, na Manchester haipo. Wajerumani nao wana kanuni yao ya namna hiyo, wanachama wanabaki na kura nyingi. Waingereza waliacha mlango wazi.

Saa 5 na nusu

Mtori kwa mama lishe. Mzee mmoja jirani yangu wa meza, mstaafu wa ushirika wa kahawa, yeye ni Man U kuliko mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunabeba?"

"Tukibeba, mzee, watasema mambo ni mazuri."

Akaweka kijiko chini. "Sikiliza. Mtu amekuja kununua kihamba chako, shamba lako la urithi, kwa hela za mkopo. Rehani ameweka kihamba hicho hicho. Halafu wewe ndiye unayechuma kahawa kulipa mkopo wake, na kahawa ikikubali anachukua na gawio. Mchaga gani angekubali?"

Hakuna aliyemjibu. Gawio walichukua kweli, miaka kadhaa mfululizo mpaka 2022, timu ikiwa hoi.

Saa 8 mchana

Mvua imerudi. Nimevuta mzigo katikati ya meza, naning'iniza ndoo pale turubai linapovuja. Wateja wamejibanza kwangu na mazungumzo yakaenda Old Trafford kwenyewe, uwanja wa Man U. Mei 2024, siku tuliyofungwa na Arsenal 1-0, maji yalimwagika kutoka paani mpaka kwenye viti vya mashabiki, dunia nzima ikaona. Klabu yenye mapato yale! Mimi turubai langu nitabadilisha nikiuza vizuri mwezi huu. Wao wameuza vizuri miaka 20.

Mwaka huu mwezi wa tatu wametangaza uwanja mpya wa watu 100,000, gharama karibu pauni bilioni 2. Jim Ratcliffe, tajiri wa Kiingereza aliyeingia Februari 2024 na sasa ana hisa zaidi ya robo, ndiye anaendesha mambo ya mpira. Mkono wake wa kwanza umewafikia wafanyakazi wa kawaida: 250 walipunguzwa, halafu wengine mpaka 200 wakatangaziwa. Watu hawa hawakusajili mchezaji yeyote. Mimi ni mtu wa kutafuta riziki ya kutwa, naumia nikisoma hivyo.

Saa 10 jioni

"Hiyo skafu ya Yanga bei gani?"

Naulizwa hivyo kila mara. Inaning'inia juu kabisa, kijani na njano, na siiuzi. Niliikuta kwenye belo, imekunjwa ndani ya jaketi. Siyo ya Yanga. Ni ya Man U. Klabu yetu ilianzishwa 1878 ikiitwa Newton Heath, na hizo ndizo zilikuwa rangi zake. Jina la Manchester United lilikuja 1902. Mwaka 2010 mashabiki walizifufua kuwapinga Glazer, uwanja ukajaa kijani na njano. Machi mwaka huo Beckham, mchezaji wetu wa zamani, akiwa na Milan iliyotoka kufungwa 4-0 palepale Old Trafford, aliokota moja akaivaa shingoni.

Ya kwangu ina uzi uliochomoka upande mmoja, na alama ndogo ya kahawia ambayo sabuni haikuitoa. Kuna mtu aliivaa kwenye baridi ya kule, akapiga kelele. Mama aliyeuliza bei alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi na wao wana shida zao," akanunua soksi za watoto.

Saa 12

Nafunga. Simba wameuzika, Man U mbili tu.

Saa 4 usiku

Kibanda umiza cha Pasua, kiingilio buku, watu wamesimama mpaka mlangoni. Dakika ya 42 krosi ikamgonga beki wetu Shaw, Brennan Johnson wa Tottenham akaugusa mpira kidogo tu, ukavuka mstari. Kipindi cha pili Højlund wetu alipiga kichwa lango likiwa tupu, nikashainuka, beki wao Van de Ven akaruka akautoa mpira hewani kwa mguu. 1-0 mpaka mwisho. Msimu ujao hakuna Ulaya yoyote. Hela ya Ulaya haipo, deni lipo.

Saa 6 usiku

Kwenye runinga kocha wetu Amorim anasema viongozi na mashabiki wakiona hafai ataondoka bila kudai malipo. Ni kocha wa 6 wa kudumu tangu Ferguson. Joel na Avram Glazer, wenyeviti wenza wa klabu, hakuna aliyetoka.

Tunarudi kwa miguu na dogo wa kidato cha pili, amevaa TeamViewer niliyomuuzia mimi. "Kaka, kwani hawauzi?" Nikamweleza. Novemba 2022 walitangaza wanaangalia uwezekano wa kuuza, tukafurahi. Sheikh Jassim wa Qatar akataka klabu yote, Oktoba 2023 akajitoa. Tukaishia kupata mbia, huyo Ratcliffe, na familia ya Glazer ikabaki na kauli ya mwisho.

Akanyamaza kidogo, akauliza kama kesho nitashusha bei ya jezi za Man U, maana nani atazitaka sasa.

Sishushi hata mia.