Bunduki kuukuu ya mitutu miwili: nakshi baadaye, mitutu kwanza

Kabla ya fedha, cheti. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu kununua wala kukaa na bunduki bila cheti cha silaha. Muuzaji naye akuonyeshe chake, na namba iliyomo ilingane na iliyochongwa kwenye chuma. Hata ukiitaka iwe pambo tu, usianzie mlango mwingine.

Wauzaji hupenda kuanza na nakshi za ubavuni. Waache waseme. Kitako kilichopasuka hutengenezeka na springi hubadilishwa, lakini mtutu uliokonda haunenepi tena.

Ifungue vipande vitatu: mitutu, ubao wa mbele, na kitako pamoja na mtambo wake. Bunduki nyingi za Kiingereza hubeba namba moja kwenye vipande vyote. Zikitofautiana, kuna kipande kilichotoka kwingine, na bei ishuke. Kisha ining'inize mitutu kwa ndoana yake ya chini na uigonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, ni salama upande huo. Ikitoa sauti butu, huenda lehemu ya ufito, ule ukanda unaounganisha mitutu, imeachia. Hapa Malindi, sawa na Lamu, chunyu hupenya hapo na kula chuma kwa ndani, usipoona mtu.

Chungulia kila mtutu ukiuelekeza dirishani. Vivuli vya mviringo vikikatika, pana kibonyeo. Madoa meusi ni mashimo ya kutu. Mtutu unaong'aa mno nao uutilie shaka: fundi huondoa mashimo kwa kukwangua, na kila mkwanguo hupunguza ukuta. Mafundi wengi huhesabu milimita 0.5 kuwa kikomo cha chini. Usipime mdomoni peke yake, maana wembamba hatari huwa katikati ya urefu wake, na kuufikia kunataka kipimo chenye mkono mrefu. Mwite fundi mwenye leseni aje nacho.

Chini ya mitutu, karibu na chemba, yaani panapoingia risasi, soma mihuri ya majaribio ya London au Birmingham, inayoonyesha kuwa mtutu ulijaribiwa kwa baruti kali. Iliyojaribiwa kati ya 1954 na 1989 huandikwa kipenyo kwa inchi, mathalani .729 kwa kaliba 12. Pima inchi 9 kutoka nyuma. Ukikuta kimezidi maandishi kwa zaidi ya inchi 0.010, jaribio lile limekwisha nguvu. Ila muhuri hausemi lolote kuhusu unene wa ukuta, na hapo ndipo wanunuzi wengi hujidanganya. Mitutu ya damaski, iliyosokotwa kwa vipande vya chuma na feleji, ni mizuri kweli, lakini bila maneno NITRO PROOF, yaani imejaribiwa kwa baruti ya kisasa, itazame tu.

Chemba za zamani mara nyingi ni milimita 65. Risasi ya milimita 70 huingia bila taabu, kwa kuwa urefu huo ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Ukifyatua, mdomo wa ganda hukosa nafasi, na shinikizo hupanda.

Kujua kama imelegea, ondoa ubao wa mbele, kwa sababu springi yake huficha ulegevu. Funga, shika mitutu, tikisa. Mwanga ukipita kati ya mitutu na ukuta wa mtambo, imechakaa. Wenzo wa juu, ule wa kufungulia bunduki, unaosimama kulia kidogo bado una maisha. Uliovuka kati kwenda kushoto umeliwa. Mtambo ujaribu kwa risasi bandia, kamwe si chemba tupu. Yenye virushio vya maganda, fyatua upande mmoja, fungua: upande huo tu ndio urushe.

Ukiinunua, usiilaze katika mfuko wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu, na msimu wa kusi kutu huanza upesi. Ifute kwa mafuta ya bunduki, si ya kupikia, ambayo huganda mtamboni, kisha iingie katika sefu ya chuma.