Kugeuza uniti za dira ya maji kuwa galoni

Bili ya maji ya Tanzania au Kenya huja kwa uniti. Uniti moja ni mita moja ya ujazo: lita 1,000, au madumu 50 ya lita 20. Kazi huanza pale unapotaka kulinganisha dira na pampu yenye kibao cha galoni, au na karatasi ya kisima cha enzi za Waingereza iliyoandikwa galoni kwa saa.

Kabla ya kushika kikokotoo, jiulize ni galoni ya nani. Ya Uingereza ni lita 4.54609. Ya Marekani ni lita 3.785. Ya kwanza inaizidi ya pili kwa asilimia 20 hivi, na hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Karatasi za zamani za huku kwetu zinatumia ya Uingereza.

Soma dira kwa makini. Kwenye dira nyingi za majumbani tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili. Tarakimu nyekundu na vishale vyekundu ni vipande vya uniti: kishale cha ×0.1 kinahesabu lita mia mia, cha ×0.01 lita kumi kumi, cha ×0.001 lita moja moja. Ukiunganisha nyekundu na nyeusi kana kwamba ni namba moja, matumizi yanapanda mara kumi au hata mara elfu. Dira kubwa za viwandani na hotelini wakati mwingine zina alama ya ×10 usoni; hizo zidisha kwanza.

Tuseme mwezi uliopita dira ilisoma 01482 na sasa inasoma 01507. Toa, unapata uniti 25. Zidisha kwa 219.969, zinakuwa galoni 5,499 za Uingereza. Za Marekani unazidisha kwa 264.172, unapata 6,604. Maji ni yaleyale, lakini namba zimeachana kwa zaidi ya 1,100.

Kwa hesabu ya kichwani, zidisha uniti kwa 220. Kosa lake ni galoni 31 tu katika uniti 1,000, na mimi sioni sababu ya kutafuta usahihi zaidi ya huo. Dira ya kawaida ya daraja la 2 la usahihi inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 2 kwenye mtiririko wa kawaida, na asilimia 5 maji yanapopita kidogo kidogo. Kwenye galoni 5,499, asilimia 2 ni galoni 110. Anayeandika tarakimu nne baada ya nukta anaonyesha usahihi ambao dira yenyewe haina.

Kosa jingine ni la futi. Mita ina futi 3.281, kwa hiyo mtu anazidisha uniti kwa 3.281 na kudhani amepata futi za ujazo. Ujazo una pande tatu: mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.31. Ndugu zetu walioko Marekani hukutana na hili kwenye bili zilizoandikwa CCF, ambayo ni futi za ujazo 100. CCF moja ni lita 2,832, sawa na galoni 748 za huko au 623 za Uingereza.

Ukishuka chini ya galoni, painti 8 hufanya galoni katika mifumo yote miwili. Aunsi ndiyo yenye mtego. Painti ya Uingereza ina aunsi 20, ya Marekani ina 16, halafu aunsi ya Marekani ndiyo kubwa: mililita 29.6 dhidi ya 28.4. Usichukue ile asilimia 20 ya galoni ukaipeleka kwenye aunsi. Pitia lita kila mara.

Sasa kibao cha pampu kinachosema 600 GPH, yaani galoni 600 kwa saa, bila kutaja nchi. Tafuta kwanza kama kuna lita zimeandikwa pembeni, uzigawanye kwa galoni: jibu likikaribia 4.5 ni za Uingereza, likikaribia 3.8 ni za Marekani. Kama hakuna, pima kwa kujaza pipa la lita 200 huku ukiangalia saa. Galoni 600 za Uingereza kwa saa ni lita 2,728, na tenki la lita 10,000 linajaa kwa saa 3 na dakika 40. Zikiwa za Marekani ni lita 2,271, na tenki hilohilo linachukua saa 4 na dakika 24.

Penye klorini ya kuua vijidudu majini sikubali makisio. Tenki la galoni 1,000 za Uingereza linahitaji gramu 4.5 za klorini halisi ili kupata miligramu 1 kwa lita. Kwa unga wenye nguvu ya asilimia 65 ni gramu 7. Ukilihesabu kama la Marekani utaweka unga chini ya gramu 6, pungufu kwa asilimia 17. Geuza tenki kuwa lita, uandike hizo lita kwa rangi ubavuni mwa tenki, na dozi zote zihesabiwe kutoka hapo.