Yungiyungi Halisimami

Jumapili, usiku

Nilipiga picha 214 za ua moja na majirani zake. Zimebaki 17. Macho yananiwasha, chai imepoa, na mume wangu amekwenda kulala akiniuliza kama hizo 17 zinatofautiana kwa lolote. Zinatofautiana, ila kwa saa hii sina nguvu za kumweleza.

Jana asubuhi tulikwenda Kenilworth, bustani ya mabwawa kando ya Mto Anacostia, hapa Washington. Julai ndiyo miadi ya lotasi, ua la majini nililolifuata. Mabwawa haya yalianza karne ya 19 kwa mkono wa mtu mmoja, na nasema mkono mmoja kwa maana yake hasa: Walter Shaw alikuwa askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mkono mwingine aliuacha vitani. Alileta mayungiyungi machache kutoka Maine, kwao alikozaliwa, akayatia kwenye kidimbwi shambani kwake. Serikali ilinunua eneo hilo mwaka 1938. Kila nikipita pale humfikiria akichimba.

Tulifika saa 2 asubuhi, jua limeshakuwa kali. Lotasi hufunguka alfajiri na kujifumba mchana, hivyo ukichelewa unakuta milango imefungwa. Kisha kila ua lina siku zake tatu nne tu. La siku ya kwanza hufunguka kidogo, rangi imekoza. La siku ya pili hukunjuka lote hadi unaona kile kikombe cha manjano katikati, chenye matundu kama mdomo wa keni ya kumwagilia bustani. Baada ya hapo rangi hupauka na petali huanza kudondoka, moja moja, ndani ya maji. Mimi nilitaka la siku ya pili. Mume wangu alishika mwavuli kuzuia jua, akilalamika kwa adabu.

Mchujo wa kwanza haukuwa na huruma. Nilivuta kila picha hadi ukubwa wake kamili kwenye skrini, nikatazama kile kikombe: kama hakionekani wazi, futa. Zaidi ya nusu zilikwenda hapo hapo. Bua la lotasi ni refu, na upepo usioweza hata kuzima kiberiti unatosha kuliyumbisha. Nilijidanganya kwamba kasi ya kamera ya 1/125 ya sekunde ingetosha. Zilizopona karibu zote ni za 1/500.

Katika zilizopona nilishapata mpenzi wangu: picha ya karibu kabisa, petali zimejaa fremu nzima, mdudu mdogo mweusi amejikunyata katikati. (Ana sababu. Lotasi hujipasha moto yenyewe. Kikombe kile hukaa kwenye nyuzi 30 hadi 36 hata hewa ya nje ikiwa baridi. Mdudu kapata hoteli.) Nikamtumia mama, aliyeko Wete, Pemba, kwa WhatsApp. Nikaandika: Shikamoo mama, tazama yungiyungi la huku.

Akajibu kwa sauti. "Marahaba mwanangu. Zuri. Lakini hili waridi gani?"

Nikamtumia nyingine inayoonyesha bua. Safari hii alicheka kwanza. "Hili si yungiyungi hili. Yungiyungi halisimami. Yungiyungi hulala juu ya maji. Hili lako limesimama kama mlingoti."

Mama amekulia mabonde ya mpunga, yungiyungi la buluu analijua tangu utotoni. Liko hata lililopewa na wataalamu wa mimea jina la Zanzibar, *Nymphaea zanzibariensis*. Jani lake huelea na lina mkato, kama sahani iliyomegwa kipande. Jani la lotasi ni duara kamili, bua limeingia katikati kwa chini, nalo huinuliwa juu ya maji kama mwavuli. Hata ukoo hawana. Ndugu wa karibu wa lotasi ni miti ya platani, ile yenye magome ya mabaka iliyopandwa kando ya barabara mjini hapa. Sisi tumeyapa yote jina moja kwa kuwa yote tunayakuta majini.

Basi mpenzi wangu akaanguka. Picha ambayo mtu anaweza kuidhania waridi imenipendeza mimi tu niliyekuwapo. Nilirudi kwenye zile 17 nikitafuta iliyosimama, nikaikuta nilikokuwa nimeiruka mara mbili: ua liko kulia, bua linaonekana mpaka linapozama, nyuma yake jani pana lenye tundu, na kofia ya mtu kwenye pembe.

Kofia niliikata. Kilichonitesa ni rangi. Kivuli cha mwavuli huifanya picha iwe ya kibuluu, na pinki ikiingia ubuluu inakuwa zambarau ya soda. Nikapasha rangi joto kidogo kidogo hadi ile manjano ya kikombe iliponiambia basi. Halafu nikanogewa. Nikaongeza ukolezaji wa rangi, ua likawaka kama taa, nikafurahi kwa dakika kumi, kisha nikatazama histogramu (grafu ya mwanga wa picha) ya nyekundu peke yake: imebanana ukutani upande wa kulia, yaani nyekundu imejaa kupita kiasi. Histogramu ya jumla ilikuwa imetulia, haina neno. Ndiyo maana petali zilikuwa zimegeuka plastiki, mishipa yake yote imepotea. Bahati nilipiga faili ghafi, lile ambalo kamera haijalipunguza chochote. Nikashusha mwanga, nikapunguza nyekundu, mishipa ikarudi.

Tundu la jani nililiziba pia. Dakika ishirini nzima. Lakini mistari ya jani la lotasi yote hutoka katikati kwenda ukingoni kama njiti za mwavuli, na kiraka changu kilikuwa na mistari inayoelekea kwingine. Ukishaliona hilo huoni tena ua. Nikafuta kazi yote, tundu likarudi mahali pake.

Baada ya kukata imebaki na pikseli 4800 kwa 3200, yaani inchi 16 kwa karibu 11 kwa uchapaji mzuri. Inatosha ukuta wa sebule yetu, ambao si mkubwa.

Nimemtumia mama sasa hivi; kwake kumekucha. Ua hakulitaja. Ameuliza jani hilo kama ni gumu, maana kwa upana huo lingefaa kufunikia chungu.